Sindano za Kugawana

Shemeji yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Dobi. Hata mkewe, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, humwita Dobi akiwa na furaha naye. Akikasirika humwita baba watoto. Mimi nilihamia kwao baada ya kufiwa na mume wangu, nikapewa chumba nyuma ya nyumba na kiti mbele ya duka. Kazi yangu ikawa kupokea nguo, kushona vifungo vilivyong'oka na kugombana na wateja. Hiyo ya mwisho naifanya kwa moyo mkunjufu kabisa.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu. Kuna mashine za kufulia ukutani, moja ikizunguka inatembea yenyewe mpaka ikamatwe. Kuna beseni la wanga, kuna ufito wa chuma uliojaa nguo zilizovikwa nailoni, na katikati kuna meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu. Kwenye meza ile ndipo shemeji alipokaa maisha yake. Nasema alikaa, lakini alisimama, tumbo limeegemea ukingo wa meza, shingo imeinama, mvuke unampiga usoni tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa fundi kwelikweli. Sisemi hivyo kwa kumpendelea, maana kazi ya mashemeji ni kutaniana, si kusifiana.

Kabla ya ugonjwa wa tumbo uliokuja kumpata alikuwa na ugonjwa mwingine. Hakuweza kuvumilia kuona kitu kimekaa bure na huku kuna mtu anakihitaji. Nguo zisizofuatwa na wenyewe, na kwa dobi ziko nyingi kuliko mtu anavyodhani, yeye alikuwa anaziazima. Huyu ana usaili wa kazi, mpe koti. Yule anazika baba yake, mpe suruali nyeusi. Zikirudi anazifua upya na kuzitundika. Siku moja bwana mmoja mnene alikuja kudai suti yake aliyoitelekeza mwaka mzima, na wakati ananikaripia mlangoni, suti ile ikapita barabarani mbele ya macho yake, imevaliwa na kijana anayekwenda kuchumbia. Nilijitia hamnazo. Shemeji alitoka nyuma ya meza, akamweleza bwana yule ukweli wote bila kutia chumvi, akamwomba asubiri tu mpaka posa ijibiwe. Bwana yule akasubiri. Watu walikuwa hawamwezi shemeji kwa sababu hakuwa na hila hata chembe.

Nimelieleza hilo la suti mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele.

Ugonjwa ulimwanza kwa siri, na siri ilimwia rahisi kwa sababu ya kazi yake. Mtu mwingine akianza kutokwa damu anapokwenda haja, anayemfulia nguo atajua kabla ya daktari. Nguo za nyumba yetu alifua yeye. Doa la damu linataka maji baridi na chumvi, lisionjeshwe maji ya moto kabisa, maana moto huligandisha ndani ya uzi. Alitufundisha hilo yeye mwenyewe. Basi akawa analoweka nguo zake za ndani na shuka alfajiri, na sisi tukiamka tunazikuta kambani, nyeupe pepepe. Mdogo wangu akajisifu kwangu.

"Dada, mwenzio nimepata mume," aliniambia. "Anafua shuka hata sijamwambia."

Nikamjibu kwamba mwanamume anayefua shuka bila kutumwa ana mwanamke wa nje. Tukacheka. Leo natamani ingekuwa mwanamke wa nje. Yule ningemfuata kwake nikamaliza kazi kwa asubuhi moja.

Akaanza kukonda. Ukosi wa shati ukawa unamzunguka shingoni. Kila mara aliacha pasi na kukimbilia choo cha uani, nami nikawa namtania kwamba amefungua ofisi ya pili. Hakucheka, na mimi, mjinga, nikaongeza utani. Kisha siku moja nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikageuka. Pasi ilikuwa imelala juu ya suruali ya mteja, moshi unapanda, na shemeji yuko chini sakafuni amekumbatia tumbo. Alikuwa anajaribu kunyoosha mkono aifikie pasi. Suruali ya mtu ndiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Tulizunguka hospitali mpaka viatu vikaisha soli. Daktari wa kwanza akasema amiba, wa pili minyoo, wa tatu akasema ni mawazo, nikamwambia mawazo hayana rangi nyekundu. Mwishowe tukafika hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa matumbo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo na miwani inayomtelemka puani. Akampitisha shemeji kwenye kamera, akatuita ndani. Alisema utumbo mkubwa umevimba na kujaa vidonda, na hakuna mdudu aliyeuleta. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoushambulia.

"Ni kama umeajiri mlinzi," alisema, "halafu mlinzi anampiga mwenye nyumba."

"Hawezi kufukuzwa kazi?" shemeji akauliza.

"Hawezi. Anaweza kutulizwa tu, na kila mlinzi ana namna yake ya kutulizwa."

Hapo ndipo tulipoingia katika maisha ya vikopo. Daktari alieleza kwamba si lazima kila mara mtu aingizwe kamera ndipo ijulikane kama utumbo unawaka. Kuna protini inayotoka na choo, ikipanda ujue ndani kuna moto, ikishuka ujue moto umepoa. Kuna nyingine za kwenye damu. Alama hizo aliziita viashiria, na akasema kwa kuzisoma mtu huweza kukisia dawa gani itamfaa nani kabla hajaimeza. Basi kila mwezi shemeji akawa anabeba kikopo chake cha choo kwenda maabara. Alikifunga kwa nailoni ya kuvikia suti, akakaza pembe zote kwa ustadi, mtu akimwona njiani angedhani anapeleka zawadi ya harusi. Nilimwambia hivyo. Siku hiyo alicheka kidogo.

Vidonge vya kwanza vilimjaza mashavu kama mtoto wa kunyonya, lakini damu haikukatika. Ndipo daktari akataja sindano. Ni dawa adimu, alisema, hospitali inapata chache kupitia mradi, kwa hiyo haipewi mtu kwa sababu ni mgonjwa tu, hupewa yule ambaye viashiria vyake vinaonyesha itamkubali. Vya shemeji vilionyesha hivyo. Angejichoma mwenyewe nyumbani pajani kila baada ya wiki mbili, na zile zinazosubiri zamu zikae kwenye jokofu.

"Na zikikataa?" mdogo wangu aliuliza. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kiwandani anakofanya kazi ili aje.

Daktari hakumpaka mafuta. Alisema zikikataa watajaribu nyingine kama ipo, na ikishindikana wataondoa utumbo mkubwa wote. Haja itapita kwenye tundu hapa, akajigusa tumboni chini ya kitovu upande wa kulia, na itaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Watu wanaishi nao, akasema, wanafanya kazi, wanalea watoto. Shemeji alitazama pale daktari alipojigusa. Najua alichokuwa akikifikiria, kwa kuwa na mimi nilikifikiria hicho hicho. Pale ndipo panapoegemea ukingo wa meza ya pasi.

Sindano zilimkubali. Nisije nikaidhulumu dawa ile, ilimkubali kweli. Damu ikakatika, namba ya kwenye kikopo ikaporomoka, ukosi wa shati ukapata shingo. Alirudi mezani akapiga pasi huku anapiga mluzi, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kwake. Nikamwambia anipigie mluzi taratibu, wateja watadhani tuna kasuku.

Lakini kliniki kuna benchi, na kwenye benchi kuna watu. Wagonjwa wa ugonjwa huu hupangiwa siku moja, wakakaa pamoja asubuhi nzima, wote jirani na mlango wa choo, na haya zikawaisha. Waliulizana habari za haja kama wengine wanavyoulizana habari za watoto. Aliyekaa na shemeji kila mara alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa na ugonjwa ule ule kwa jina lile lile. Alimwita shemeji kaka, na shemeji alimwita Mwalimu. Alitueleza jinsi anavyofundisha nyimbo huku amesimama karibu na mlango, na tumbo likimshika anawaambia watoto wafumbe macho wahesabu, naye anakimbia. Watoto wake, alisema, walijua kuhesabu kuliko watoto wa shule yoyote. Tulicheka mpaka nesi akatukemea.

Mwalimu hakupewa sindano. Alama za damu yake zilionyesha kwamba mwili wake ungeikataa dawa ile upesi, na dawa nyingine haikuwepo wakati ule. Daktari alimwambia avumilie. Mwalimu alituhadithia hayo siku ileile shemeji alipotoka ndani na kiboksi chake cha barafu kimejaa. Aliongea kwa utulivu, akampongeza shemeji, akamwambia kaka umenenepa, Mungu mkubwa. Kisha akainuka kwenda chooni, akakaa sana. Shemeji alikitazama kile kiboksi magotini mwake njia nzima mpaka tukafika nyumbani.

Sikujua kitu. Niliona tu kwamba shemeji ameanza kufua aproni za ile chekechea na kuzipeleka mwenyewe, na kwamba akienda anabeba chupa ya chai. Nikadhani ni chai. Nilimtania kwamba ule udugu wa benchi umegeuka uchumba, na mdogo wangu akaninunia kutwa nzima. Ndani ya chupa mlikuwa na barafu, na ndani ya barafu mlikuwa na sindano. Moja anajichoma yeye, inayofuata anampelekea Mwalimu. Mzunguko uliotakiwa kuwa wake wote, akaugawa nusu kwa nusu, kama mtu anayemega mkate.

Na taratibu, kama ilivyokuja mara ya kwanza, damu ikarudi.

Mluzi ulikoma. Akaanza tena kuloweka nguo alfajiri, lakini safari hii mdogo wangu aliamka akamkuta, akakaa naye kando ya beseni, wakasuuza pamoja. Namba ya kwenye kikopo ikapanda, mwezi uliofuata ikapanda zaidi. Daktari akafikiri pengine mwili wa shemeji unaitumia dawa haraka mno, akasema atampima damu aone dawa iliyomo ndani ni kiasi gani, ili amkatie dozi ya kwake mwenyewe. Tuliposubiri majibu yale nilikuwa na matumaini. Nilimwona mdogo wangu anapika huku anaimba.

Siku ya majibu niliingia na shemeji ndani, kwa kuwa miguu yake haikuwa na nguvu ya kuaminika. Daktari alivua miwani.

"Baba, dawa kwenye damu yako karibu hakuna," alisema. "Na mwili wako umeshatengeneza askari wa kuiwinda. Wengi sana. Umewahi kuruka sindano?"

"Hapana, daktari."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Daktari akaiweka karatasi ya majibu mezani mbele yake. Nilimwangalia shemeji nikaona anapindapinda ukosi wa shati lake, na nikaelewa kwamba anasema uongo, maana mtu asiyezoea uongo huuvaa kama shati la mtu mwingine.

"Shemeji," nikamwambia, "sema."

Akasema. Aliyasema yote kwa sauti ile ile aliyomweleza nayo bwana mnene habari za suti. Alikuwa amepona, alisema, alijiona amepona kabisa, na sindano imekaa kwenye jokofu karibu na mboga, na mwenzake anavuja damu mbele ya watoto wa watu. Alifikiri mtu aliyekwisha kupona hahitaji nyingi. Alifikiri nusu ingemtosha yeye na nusu ingemtosha Mwalimu, kwa vile ugonjwa ni mmoja.

Daktari hakufoka. Ningependa angefoka. Alieleza polepole kwamba dawa ile ikija na kukatika, ikija na kukatika, mwili hupata nafasi ya kuitambua, na ukishaitambua huivamia kila inapoingia. Angechoma kwa wakati, huenda mwili usingeijua mpaka leo. Sasa imeshajulikana. Hata akipewa mara mbili, mara tatu, itakuwa kama kumwaga maji mchangani. Mlango ule umefungwa. Na Mwalimu, akasema, vipimo vyake vilishasema tangu mwanzo kwamba dawa ile si yake. Ugonjwa wenu una jina moja, lakini miili ni miwili.

"Kwa hiyo hakuna aliyefaidi," shemeji alisema.

Daktari akarudisha miwani puani, akaanza kuandika.

Nyumbani nilikaa na mdogo wangu jikoni nikamweleza, maana mwenye jambo alikwenda moja kwa moja kitandani. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Halafu akaenda chumbani, na ukuta wetu ni mwembamba.

"Baba watoto," nilimsikia anasema. "Suti za watu uligawa, nikanyamaza. Nikasema ndivyo Mungu alivyomuumba. Sasa umegawa utumbo wako."

Kitanda kikalia, kama mtu anayegeukia ukutani.

"Ungeniuliza. Ule utumbo ni wangu pia. Ni wa watoto."

"Nilikuwa nimepona, mama."

"Nani alikwambia umepona? Ulipona kwa sababu ya zile sindano."

Kisha akalia, na mimi nikafungulia bomba kwa nguvu nisiendelee kusikia.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Daktari alikuwa ameomba dawa nyingine, inayotuliza kinga kwa njia tofauti kabisa, na damu ya shemeji ikapimwa upya ikaonyesha kwamba hiyo huenda ikamfaa. Lakini ilibidi isubiriwe. Shemeji alilala. Mimi nilishika pasi, na kwa kusema kweli mikunjo yangu ilikuwa inakwenda upande kama kaa, wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja kwa adabu. Akiamka anajikongoja mpaka dukani, anaketi kwenye kiti changu, ananitazama ninavyoharibu. Mara moja tu aliinuka akanishika mkono, akaniongoza pasi kwenye bega la shati. Mkono wake ulikuwa mfupa mtupu, na una joto la homa. Nikamwambia aende akalale. Niligeukia ukutani nikajifanya natafuta henga.

Daktari wa upasuaji alikuja kumwona. Alimpima tumbo kwa kalamu, akachora duara dogo mahali mfuko utakapokaa, endapo utafika wakati. Ile alama haikufutika upesi. Shemeji alikuwa akioga haigusi.

Ndipo ikaja habari kwamba dawa imepatikana. Daktari alituita siku ya kliniki, akatukabidhi mkononi.

"Hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo kabla ya kisu," alisema. "Sikuombi uniahidi kitu. Nimeshakupima, najua wewe si mtu mbaya. Nakuomba tu uukumbuke mwili wako."

Shemeji aliipokea kwa mikono miwili. Mlangoni kabla hatujatoka alisimama, akaniwekea kile kiboksi kwenye mkoba wangu mkubwa, akafunika kwa mtandio wangu.

"Mwalimu yuko nje," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwona tulipoingia. Ataniuliza."

"Mwambie ukweli."

"Shemeji, akijua ninazo, nitampa. Hatoniomba, lakini nitampa tu. Najijua." Akashika kitasa. "Nitamwambia sijapata."

Mdogo wangu alikuwa amemwambia maneno hayo hayo asubuhi, akutane na yule mwanamke amwambie hajapata, naye akamjibu kwamba hawezi kumdanganya Mwalimu. Mdogo wangu akasema, "Basi nidanganye mimi, kama ulivyozoea." Yakaishia hapo. Sasa nilimwona anapiga moyo konde kwa kazi ambayo hakuumbiwa.

Mwalimu alikuwa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa choo. Sikumtambua mara moja. Nywele zilikuwa zimemtoka, na vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Akatutengea nafasi. Shemeji akakaa, mimi nikabaki nimesimama na mkoba begani.

"Wamekupa, kaka?" akauliza.

"Hawajanipa," shemeji alisema. Alikuwa anatazama sakafu. "Wanasema haijafika."

Uso wa Mwalimu ulianguka. Nilimwangalia vizuri, kwa sababu nilikuwa na ubaya moyoni, nilitaka kuona kama anasikitika kwa ajili yake mwenyewe. Hapana. Machozi yalimjaa, akaweka kile kiganja chake kilichovimba juu ya mkono wa shemeji.

"Pole, kaka yangu. Mimi ndiye niliyekufikisha hapa."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Acha niseme. Nimelala nalo muda mrefu." Aliongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nesi alinieleza kilichokupata. Sikujua. Ningejua nisingepokea hata moja. Na kuna jingine sikukwambia. Zile sindano hazikunisaidia hata siku moja. Tangu ile ya kwanza. Zilinitoa vipele mwili mzima, viungo vikavimba, ndiyo hivi unavyoviona. Nilikuwa nakaa kesho yake kitandani."

Shemeji aliinua kichwa.

"Mbona ulikuwa unapokea?"

"Ulikuwa unakuja na chupa yako, jua kali, umejinyima," Mwalimu alisema. "Niliona haya kukwambia haifai. Nikasema ataumia moyo."

Watu wa benchi waliendelea na habari zao. Mtu alitoka chooni, mwingine akaingia. Shemeji alijifunika uso kwa viganja, na Mwalimu akamsogelea zaidi, akampigapiga mgongoni kama anavyombembeleza mtoto wake wa darasani.

"Usilie. Itafika tu hiyo dawa. Mimi nakuombea kila siku upate," alimwambia. "Ila uniahidi kitu kimoja. Ukiipata, choma zote mwenyewe. Usinigawie. Hata nikikuomba kwa magoti, usinigawie. Umesikia, kaka?"

Mkoba ulikuwa begani mwangu, karibu kabisa na uso wake, na ubaridi wa barafu nilikuwa nausikia mbavuni. Nilimtazama shemeji. Nilimwomba kwa macho afungue mdomo aseme, sasa hivi, kabla nesi hajaita, kwamba anazo, kwamba ziko hapa, kwamba hatagawa. Yalikuwa maneno machache tu. Alifungua mdomo.

"Nakuahidi, Mwalimu," alisema. "Nikipata."

Mwalimu akatabasamu, akajifuta macho kwa ukingo wa nguo yake. Nesi akaita jina lake. Aliinuka kwa kushika bega la shemeji, akaingia ndani, na sisi tukaondoka kabla hajatoka.